HCR yangu inawaka hata pasipo shabaha

Mpimaji_Mdogo: Habari zenu wakuu. Natafuta miR-21 (maikro-RNA, yaani RNA fupi sana; ndiyo shabaha yangu) kwa HCR, ile mbinu ya kukuza ishara kwa pini mbili za DNA, H1 na H2, zinazofunguana zenyewe bila kimeng'enya. Mrija mtupu, usio na shabaha, nao unawaka, karibu sawa na ule wenye shabaha kidogo. Nafikiria kuongeza pini ili ishara ikue. Mnasemaje?

Mama_Oligo: Usiongeze, mdogo wangu, utakuza kelele. Tangu Dirks na Pierce walipoieleza HCR mwaka 2004, ujanja ni uleule: H1 na H2 zinatamani kuungana, ila kila moja imejikunja na kujifungia shina lake. Shabaha ikija inafungua H1, H1 inafungua H2, H2 nayo inafungua H1 nyingine, mnyororo unakwenda. Pini iliyojikunja vibaya ni mlango uliorudishiwa tu, haungoji ufunguo. Je, ulizipasha moto kila moja peke yake, nyuzi 95 dakika chache, kisha ukaziacha zipoe ndipo ukazichanganya? Na oligo, yaani vipande vya DNA ulivyoagiza kuwa pini, zimesafishwaje?

Mpimaji_Mdogo: Peke yake, ndiyo. Oligo zimeondolewa chumvi tu.

Mama_Oligo: Basi mchawi wako huyo. Oligo ndefu namna hiyo huja na vipande pungufu, vilivyokatikia njiani wakati wa kuundwa. Shina likipungukiwa, linavuja, yaani pini inafunguka bila shabaha. Agiza zilizosafishwa kwa jeli.

Kisayansi_Tu: Mbona mnajitesa? PCR, ile ya kunakili DNA kwa kimeng'enya, inazidisha maradufu kila mzunguko. Mizunguko 30 ni nakala kama bilioni moja kwa kila molekuli.

Mama_Oligo: Sawa, ila miR-21 ina nyukleotidi 22 tu, vianzio viwili vya kawaida (vipande vifupi vya DNA ambapo unakili huanzia) vitakaa wapi? Lazima kwanza uigeuze DNA na kuirefusha. RCA (kunakili duara la DNA mfululizo) kwa kimeng'enya phi29, nyuzi 30, ingefaa zaidi, maana maikro-RNA yenyewe huwa kianzio. Lakini hata huko mrija mtupu ndio hakimu: kikomo cha ugunduzi huhesabiwa kwa wastani wa ishara ya mirija mitupu, jumlisha mara tatu ya mkengeuko sanifu wake. Ndiyo maana nikisoma makala inayojisifu kwa ishara kubwa, mimi hutazama kwanza mchoro wa mirija mitupu. (Wengine huuficha kwenye viambatisho.)

Mpimaji, endesha jeli ya kutenganisha DNA kwa ukubwa, njia nne: H1 pekee, H2 pekee, zote mbili bila shabaha, kisha zote na shabaha. Ukiona ngazi ya mistari kwenye njia ya tatu, uvujaji ni wa pini. Isipokuwepo, kagua rangi yako ya mwanga kabla ya kulaumu DNA.