Mke wa mgombea: anasemwa kwa lipi, anaachwa kwa lipi?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Kila msimu wa kampeni hufika siku ambapo ilani zinawekwa pembeni na mke wa mtu anageuka ajenda. Alizaliwa wapi, alikuwa na nani kabla, mbona hajazaa, mbona hasalimii watu. Siku hizi kazi hiyo wanaifanya chawa wa mitandaoni, na mgombea anayefaidika anajifanya hajaona. Ukikemea unajibiwa, "Mbona alipanda jukwaani?" Kwa upande wa pili, mgombea akiulizwa swali la maana kuhusu mali zilizoandikwa jina la mkewe, wapambe wake wanakuja juu: mwacheni mama wa watu, yeye hagombei.

Mimi naona pande zote mbili zinatuzuga. Mwenza wa mgombea anahojiwa kwa mambo mawili: fedha ya umma iliyopita mikononi mwake, na maneno aliyoyatamka mwenyewe akimwombea mwenzake kura. Nje ya hapo aachwe, hata kama mumewe ni mtu tusiyempenda.

Chukueni Ufaransa 2017. François Fillon, waziri mkuu wa zamani, alikuwa anapewa nafasi kubwa ya kuwa rais. Alijinadi kuwa mtu msafi, na sera yake ilikuwa kubana matumizi, ikiwemo kupunguza ajira 500,000 za umma. Mwaka uliotangulia alikuwa amempiga kijembe mpinzani wake ndani ya chama, Nicolas Sarkozy, akiuliza ni nani angeweza kumfikiria Jenerali de Gaulle akiwa mtuhumiwa. Januari 25 gazeti la Le Canard enchaîné likaandika kwamba mkewe, Penelope, alilipwa kwa miaka mingi fedha za bunge kama msaidizi wa mumewe, na dalili za kazi aliyoifanya hazionekani. Hesabu ya kwanza ilikuwa kama euro 500,000. Wiki moja baadaye ikapita 800,000.

Fillon akajibu nini? Kwamba habari ile ni dharau kwa wanawake. Kwani akiwa mke wangu hana haki ya kufanya kazi? Jibu tamu kweli, na kuna watu wazuri tu lililowaingia. Lakini hakuna aliyeuliza kama Penelope anaruhusiwa kufanya kazi. Waliuliza kazi yenyewe iko wapi. Baadaye yakatokea mahojiano ya 2007 ambamo Penelope mwenyewe alimwambia mwandishi wa gazeti la Uingereza kwamba hajawahi kuwa msaidizi wa mumewe. Fillon akaishia wa tatu katika raundi ya kwanza kwa asilimia 20.01, na Juni 2020 mahakama ya Paris ikawatia hatiani wote wawili.

Sasa mtazameni Brigitte Macron, mke wa aliyeshinda uchaguzi huohuo. Kamzidi mumewe miaka 24, basi likawa neno. Kuelekea uchaguzi wa 2022 ikazushwa hadi kwamba alizaliwa mwanamume. Nionyesheni senti ya mlipa kodi iko wapi humo. Hao ni wake wawili wa wagombea wawili katika uchaguzi mmoja. Wa kwanza alihojiwa kwa haki, wa pili alitukanwa tu. Anayesema "wake wa wagombea wasiguswe" anamlinda Fillon, na anayesema "wote ni halali yetu" anawapa ruhusa waliomzulia Brigitte.

Karibuni, ila tusitukanane.

Mchangiaji, Mombasa

Bwana, umesema vizuri lakini umeirahisisha mno. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Huwezi kumpigia kura mtu mmoja. Anaingia Ikulu na nyumba yake yote. Wewe wataka tungoje mpaka mke ashike pesa ndipo tuulize?

Tazama Zimbabwe. Grace Mugabe alikuwa mke wa rais kwa miaka mingi kabla ya kupewa uongozi wa umoja wa wanawake wa ZANU-PF, Desemba 2014. Haukupita muda akawa anazunguka kwenye mikutano akiwashambulia kwa maneno viongozi wenzake mmoja baada ya mwingine. Novemba 2017 Mugabe akamfukuza makamu wake, Mnangagwa, na kabla ya wiki mbili kwisha jeshi liko barabarani. Kama watu wangemchunguza mapema tabia na tamaa zake, wangejua kinachokuja. Kanuni yako ya fedha na jukwaa ingewachelewesha.

Na jambo jingine. Mgombea anayempiga mkewe je? Hapo hakuna fedha ya umma wala kipaza sauti. Tunyamaze kwa kuwa ni mambo ya ndani?

Mchangiaji, Tanga

Siasa si harusi. Anayeogopa kusemewa mkewe akae nyumbani anywe uji.

Mleta mada

Wa Tanga, na aliye nyumbani anakunywa uji ndiye anayetukanwa. Mgombea mwenyewe yuko kwenye gari la matangazo anapungia watu mkono.

Ndugu wa Mombasa, Grace Mugabe ananiunga mkono mimi. Siku aliposhika cheo cha chama na kipaza sauti, alikuwa mwanasiasa kamili, ahojiwe kama mwanasiasa. Kabla ya hapo watu walikuwa na haki ya kuuliza gharama za safari zake za manunuzi. Ni fedha, imo kwenye kanuni yangu.

Kuhusu anayempiga mkewe: hilo ni kosa la mgombea, aulizwe yeye. Mwandikeni, mpelekeni polisi, msimpe kura. Ninachokataa ni yale yanayofuatia, "na mke naye mbona hajaondoka, lazima anafaidi kitu." Hapo mmeshamhamishia mzigo aliyepigwa.

Mchangiaji, Mwanza

Wote mliochangia mpaka sasa mnaongea kama wagombea wote ni wanaume.

Mimi niligombea udiwani kwenye kura za maoni za chama changu, chama sikitaji. Nilijiandaa kwa maji na kwa barabara ya kwenda zahanati. Swali la kwanza kutoka kwa wajumbe: mume wako anasemaje? Nikajibu ameniruhusu. Jibu lenyewe liliniudhi kulitoa, lakini bila hilo hunyanyuki kwenye kiti. La pili: mbona hatumwoni hapa? Mpinzani wangu alikuwa mwanamume na hakuulizwa mkewe yuko wapi. Nikamwomba mume wangu aje mkutano unaofuata. Akaja, akakaa mstari wa mbele. Kesho yake mtaani ikawa: mnaona, diwani atakuwa yule mwanamume, huyu ni sauti tu.

Kwa hiyo mleta mada, kwa sisi mume akikosekana ni kashfa na akionekana ni kashfa. Kanuni yako imetungwa kwa ajili ya wake wa wakubwa.

Mchangiaji, Nairobi

Dada wa Mwanza ameligusa lenyewe. Huku kwetu tumeliona kwa Wangari Maathai. Mwaka 1974 mumewe, Mwangi Mathai, aligombea ubunge Lang'ata, naye Wangari akaingia kwenye kampeni pamoja naye. Mume aliahidi watu kazi, akashinda, ahadi zikasahaulika. Mke ndiye aliyekosa usingizi, akaanzisha kampuni ya kupanda miti ili wale watu wapate ajira. Haikudumu, lakini ndipo palipotangulia Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, ya 1977. Ukiniuliza ni nani kati ya hao wawili alistahili kubanwa kwa maneno ya kampeni, jibu si mke.

Halafu ndoa ikavunjika. Mwaka 1989 alipopinga jumba la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa Uhuru Park, bustani ya umma ya Nairobi, wabunge walisimama bungeni wakasema hao ni kikundi cha wanawake walioachika. Serikali ilikuwa na hoja za kutetea jengo, za fedha na za ardhi. Wakachagua talaka. Jengo halikujengwa. Mwaka 2002 jimbo la Tetu likampa Wangari ubunge kwa asilimia 98.

Mchangiaji, Dodoma

Niongeze la kisheria, maana naona linasahaulika. Hapa Tanzania, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake, ya mwenza wake, na ya watoto wao wadogo ambao hawajaoa au kuolewa. Kenya nao, sheria yao ya maadili ya maofisa wa umma ya 2003 iliweka mke au mume humohumo. Kwa hiyo hoja ya "mke hagombei, mali zake hazituhusu" ilishajibiwa na Bunge. Mtunga sheria alijua mbinu ya kuandika shamba jina la mama.

Ila angalieni sheria ilipoishia. Imetaja mali na madeni. Haikutaja kabila la mke, dini aliyotoka, wala aliwahi kuolewa mara ngapi. Huo ndio mpaka anaoutafuta mleta mada, na kwenye upande wa fedha upo tayari kwenye vitabu. Tatizo ni kwamba mwananchi akitaka kuliona tamko hilo anakutana na masharti, basi anabaki na udaku. Mkizungumzia kashfa za wake za watu, zungumzieni na hilo. Taarifa za mali zingekuwa wazi, nusu ya uzushi ungekosa soko.

Na taasisi je? Mama Anna Mkapa alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote mwaka 1997, Mama Salma Kikwete akaanzisha WAMA mwaka 2006, wote waume zao wakiwa madarakani. Sisemi kuna ubaya. Nauliza: mfadhili anapochangia taasisi ya mke wa rais, tuna haki ya kuuliza anatarajia nini?

Mleta mada

Tunayo, mkuu, na mwenza mwenyewe ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kutaka iulizwe. Nakubali fedha yangu ya umma nimeibana mno. Niseme: fedha ya umma, na fedha inayomfuata kwa sababu ya cheo cha mwenzake.

Hili linawahusu na waume. Mwaka 1984 Geraldine Ferraro alipogombea umakamu wa rais Marekani, mwanamke wa kwanza kwenye tiketi ya chama kikubwa, mumewe John Zaccaro, mfanyabiashara wa majengo, alisita kutoa taarifa zake za kodi. Waandishi wakamkaba mke mpaka Agosti akafanya mkutano nao karibu saa mbili nzima akijibu maswali ya biashara za mume. Wengi waliona ni uonevu kwa mwanamke. Mimi naona swali la kodi lilikuwa halali. Kuna mengine aliyoulizwa kwenye kampeni ile, kama anajua kuoka keki za matunda, hayo ndiyo ya aibu.

Mchangiaji, Minnesota

Nipo huku miaka mingi, ngoja niseme ninachokijua. Mwaka 1828 Andrew Jackson aligombea urais wa Marekani, na wapinzani wake walimwita mkewe Rachel mzinzi kwenye magazeti, kwa sababu walikuwa wamefunga ndoa kabla talaka ya mume wake wa kwanza haijakamilika. Jackson alishinda, Rachel akafariki Desemba 22 mwaka huohuo, kabla ya kuapishwa. Jackson aliwalaumu waliomtukana maisha yake yote. Tangu hapo ni desturi.

Mwaka 2008 Michelle Obama alisema Milwaukee kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake kama mtu mzima anajivunia nchi yake. Warepublican wakalitumia miezi mizima, Obama akasema mwacheni mke wangu. Kwa kanuni ya mleta mada, Obama alikosea hapo: Michelle alikuwa anamwombea mumewe kura, neno lake lijadiliwe. Nampenda Michelle, lakini ndivyo.

La kunichekesha ni 2016. Kikundi kilichompinga Trump kilisambaza picha ya zamani ya mkewe Melania kwa wapiga kura wa jimbo la Utah. Trump akamlaumu Ted Cruz, mpinzani wake ndani ya chama, akatishia kumwaga siri za mkewe Heidi, akasambaza picha iliyowaweka wake wawili sura kwa sura. Cruz akawaka. Julai aliwaambia wajumbe wa chama kutoka jimbo lake la Texas kwamba hana mazoea ya kuwaunga mkono watu wanaomshambulia mkewe na baba yake. Septemba 23 akatangaza atampigia Trump kura. Kwa hiyo tusiwaamini sana wanaume wanaopandisha hasira jukwaani kwa ajili ya wake zao. Hasira nyingine ni mtaji wa kampeni tu.

Mchangiaji, Mombasa

Hilo la Cruz limenimaliza. Sawa, naondoa "tabia na tamaa". Lakini mleta mada hujajibu: mke asiyesema neno, ila picha yake imejaa kwenye mabango, mume kamshika mkono, watoto pembeni, "mtu wa familia". Huyo kasema au hajasema?

Mleta mada

Aliyesema ni mume. Bango ni lake, kalilipia yeye. Kama anauza familia na ana nyumba nyingine tatu za siri, aumbuliwe yeye kwa uongo wake. Mke wa kwenye picha asisakwe wala wa nyumba ya tatu asianikwe jina. Najua hilo la mwisho ni gumu kulitenda, maana huwezi kuthibitisha nyumba bila kumtaja mwenye nyumba. Hapo sina jibu safi.

Mchangiaji, Mwanza

Na mimi hujanijibu, ila nimeshaamua. Uchaguzi ujao nikichukua fomu tena, mume wangu atapanda jukwaani. Atasema jambo moja, kisima cha mtaa wetu kilichokufa na fedha zilizochangwa kukitengeneza, kisha atashuka. Wakimsema, wamseme kwa kisima.