Nyota hafifu iliyo kando ya Mizar: je, ni nyeupe kweli?

Mwana wa Pangani:
Ndugu wanajukwaa, mwishoni mwa Mei, yapata saa tatu usiku, nilitazama kaskazini nikaliona kundi la nyota la Dubu Mkubwa limeinuka kiasi cha theluthi ya njia kuelekea utosini. Katika mkia wake, kando ya nyota angavu iitwayo Mizar, kuna nyota ndogo nyeupe ninayoiona bila darubini, lakini baba yangu haioni kabisa. Je, weupe huo ni rangi yake halisi? Na je, ni hafifu kwa sababu ya udogo au umbali?

Mwalimu wa Fizikia:
Ndugu yangu, hiyo ni Alcor, ambayo Waarabu huiita Suha na ambayo tangu kale waliitumia kupima uwezo wa macho. Mwangaza wake ni wa daraja la 4.0, ilhali Mizar ni daraja la 2.0; kwa kuwa katika kipimo hiki namba kubwa ndiyo yenye nuru ndogo, Mizar hung'aa takriban mara sita zaidi. Hata hivyo, Alcor si ndogo. Tungamo yake, yaani kiasi cha maada iliyonayo, ni karibu mara 1.8 ya Jua, na hutoa nuru takriban mara 14 ya Jua. Kinachoififisha ni umbali wa miaka ya nuru 82 hivi. Jua letu lingewekwa hapo, macho matupu yasingeliona. Weupe unatokana na joto la uso wake, karibu kelvini 8,000, ambapo Jua lina 5,800.

Msomaji wa Anga:
Naafikiana na Mwalimu, ila weupe unaoonekana kwa macho si ushahidi. Seli za jicho zinazotambua rangi huhitaji nuru nyingi, na gizani hufanya kazi zaidi zile zisizobagua rangi, kwa hiyo nyota hafifu nyingi huonekana nyeupe hata zikiwa za manjano. Ushahidi wa kweli umo katika spektra, yaani nuru iliyotawanywa katika rangi zake, ambamo Alcor ina mistari mizito ya giza inayosababishwa na haidrojeni, kama ile nyota nyeupe Sirius. Mistari ya metali nayo imepanuka kwa sababu nyota hiyo hujizungusha kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa sekunde. Jua kwenye ikweta yake halizidi sana kilomita 2. Aidha, mwaka 2009 ilibainika kuwa ina mwenzake, kibete chekundu (nyota ndogo, hafifu na nyekundu) chenye takriban robo ya tungamo ya Jua, asiyeonekana kwa macho.

Kuhusu mzee, nyota hizo mbili zimeachana kwa zaidi ya theluthi ya upana wa mwezi, kwa hiyo jicho la kawaida huzitenganisha bila taabu. Huenda tatizo ni nuru, maana mboni ya mtu mzima haipanuki gizani kama ya kijana. Mjaribu usiku usio na mbalamwezi, avae miwani yake, na mkae gizani angalau dakika ishirini kwanza.

Mwana wa Pangani:
Ahsanteni sana. Waarabu husema, "Namwonyesha Suha, naye ananionyesha mwezi." Baba yangu alinionyesha Mizar, kwa hiyo hakukosea sana.