Re: Kurudi Nishinasuno kujitolea msimu wa kupanda mpunga

Kutoka Nagoya

Habari za jioni ndugu zangu. Miaka tisa iliyopita nilisoma Ajia Gakuin, kile chuo cha kilimo cha viongozi wa vijijini, kule Nishinasuno, mkoa wa Tochigi, ile miezi tisa ya Aprili hadi Desemba. Sasa nimerudi Japani kikazi na natamani kwenda kuwasalimia, ikiwezekana nijitolee siku chache. Lakini naona haya. Shamba nililowaahidi nitalianzisha nyumbani halikwenda nilivyosema. Aliyewahi kurudi anisaidie: niende lini, na nibebe nini?

Kutoka Saitama

Salama kaka, karibu tena.

Mimi nilirudi mwaka juzi nikakaa siku kumi. Epuka wiki ya sikukuu za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, treni zinajaa mno. Nenda katikati ya Mei wanapopanda mpunga, maana hapo mikono ya ziada inahitajika kweli. Waandikie mapema, utaje siku ya kufika na ya kuondoka. Usibishe hodi ghafla kama tunavyofanya kwetu, pale jikoni wanahesabu sahani. Nauli: ile pasi ya reli ya watalii sisi wenye kadi ya ukaazi haituhusu. Kutoka Tokyo, asiye na haraka apande treni ya kawaida hadi Utsunomiya, abadilishe ile ya kwenda Kuroiso, ashuke Nishinasuno. Suica, ile kadi ya kulipia nauli, inakubalika njia nzima.

Sasa hiyo haya yako. Mimi nami nilikwenda nayo. Nilirudi kwetu Mbozi na daftari limejaa bokashi, ile mbolea ya kuchachusha: pumba za mpunga, samadi ya kuku, udongo, maji kidogo, geuza rundo kila siku lisiungue. Kijijini kwetu hatulimi mpunga! Pumba tulizinunua mbali, tukalipia na gari, na wafuga kuku nao wanazigombea. Msimu wa kwanza majirani walipiga hesabu wakaacha. Nami nikaacha. Ilipita miaka miwili kabla sijajaribu tena, safari hii kwa maganda ya kahawa kutoka mashine ya kumenya, samadi ya ng'ombe na udongo wa chini ya miti. Rundo likapata joto, na gharama ikawa ya kubeba tu.

Nilipofika Nishinasuno, mzee mmoja mkulima wa jirani ambaye zamani tulimsaidia kupalilia hakuniuliza nina kazi gani wala nimejenga wapi. Aliuliza udongo wetu sasa una rangi gani. Nikamweleza yote, na miaka ile miwili sikuificha. Akatoa kalamu akaandika "maganda ya kahawa", akataka kujua yanachukua siku ngapi kupata joto. Jioni wanafunzi wa mwaka ule wakaniomba niwasimulie, na dada mmoja kutoka Malawi alinikatisha palepale kwenye bei ya pumba, kwa sababu kwao ni hivyohivyo. Kaka, lile shamba lililokushinda ndilo la kwenda kusimulia. Wao bado wana miezi ya kujipanga kabla hawajarudi kwao.

Zawadi: boksi moja la peremende au biskuti zilizofungwa mojamoja, litoshe watu wote. Kanga inapendwa, ila eleza maandishi yake, watauliza.

Na uyoga wa porini usichume bila kuuliza, najua sisi wa nyanda za juu tunavyoupenda. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima ya 2011, uyoga wa mwituni uliwekewa zuio la kuuzwa sehemu kadhaa za mkoa ule.

Kutoka Nagoya

Asante sana dada, umenitua mzigo. Mwezi wa tano mwanzoni nitakuwa Njombe likizo, narejea siku tatu kabla ya kwenda huko. Nawaza kuwabebea mbegu za maharage yetu na nyama kavu kidogo.

Kutoka Saitama

Hapana kaka, nyama usithubutu, hairuhusiwi kuingia Japani. Mbegu nazo bila cheti cha afya ya mimea zitaishia uwanja wa ndege. Beba kahawa iliyokaangwa.

Na hizo siku tatu hazitoshi. Ukitoka nje ya nchi wanataka ukae mbali na mifugo kwa wiki nzima. Homa ya nguruwe ilirudi hapa 2018 baada ya miaka 26, na nguruwe wa pale ndio chakula cha watu wote. Uwanja wa ndege nenda dirisha la karantini ya wanyama, sema ulikuwa shambani, watakusafishia viatu. Kisha uwaambie Nishinasuno tarehe halisi ya kuingia, wakupange kwenye mpunga au jikoni.

Gambuti za Njombe ziache Njombe. Kule wanaazima, ila kama unavaa zaidi ya sentimita 28 nunua hapo Nagoya kabla hujaondoka. Mume wangu alipanda mpunga pekupeku siku mbili.