Naomba ushauri: bar mitzva ya mwanangu, Alhamisi au Jumamosi?

Habari zenu wapendwa. Mwanangu anatimiza miaka 13 mwakani, na bar mitzva yake, yaani sherehe ya Kiyahudi ya mvulana kuingia utu uzima wa kidini, itakuwa katika sinagogi la hapa Nairobi, pale University Way na Uhuru Highway. Kisomo chake cha Torati kinaendelea vizuri. Jioni namsikia akiimba aya, anakwama, anaanza upya. Kinachoniumiza kichwa ni siku na chakula.

Wengi hufanya Jumamosi. Lakini watu wangu watatoka Kakamega, ni Wakristo, na kwao sherehe bila picha haijakamilika. Sabato hakuna kupiga picha wala kushika simu. Torati husomwa pia Jumatatu na Alhamisi asubuhi, na siku hizo kijana huvaa tefilini (visanduku vyenye aya vinavyofungwa mkononi na kichwani) na picha zinaruhusiwa. Mimi naegemea Alhamisi, baba yake anashikilia Jumamosi.

Halafu mama ameshatangaza kwamba ataleta ingokho. Kuku aliyechinjwa nyumbani hawezi kuingia jiko la kosher, yaani linalofuata sheria za Kiyahudi za chakula, na sitaki kabisa mama ajione amekataliwa, maana ndiye aliyenisaidia kumlea huyu mtoto. Nafikiria sato, ambaye ana mapezi na magamba hivyo anafaa, pamoja na ugali na sukuma wiki iliyokaguliwa jani kwa jani isibaki na mdudu.

Mliopitia haya, mlichagua siku gani? Suala la kuku nimweleze mama vipi? Na nyanya asiye Myahudi apewe jukumu gani la heshima siku hiyo?