Mrejesho: mimba kutoka mfululizo

Dada zangu, asanteni. Niliuliza kwa nini mimba zinanitoka kila mara, mkasema tupimwe wote wawili. Kipimo cha kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli), ghali ajabu hapa Nairobi, hakikuonyesha kitu. Shida ilikuwa damu yangu: kingamwili za antifosfolipidi, zinazofanya damu igande kirahisi na kuathiri kondo la nyuma. Daktari alirudia kipimo baada ya wiki 12 ndipo akathibitisha, maana maambukizi pia huzipandisha kwa muda.

Nikianza mimba natumia aspirini ya dozi ndogo na sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tumboni kila jioni. Mume ndiye hudunga. Mimi natazama ukuta. Mimba ya kwanza niliyotumia dawa hizi ilitoka hata hivyo, niliumia sana. Hii ya sasa imevuka miezi mitatu. Aliyependekeza steroidi (dawa za kutuliza kinga ya mwili): daktari alikataa.