Kikundi cha Familia: Viazi vya Ijumaa

Mama: Jamani, kesho Ijumaa ya Kwaresima na maharage tumeyala wiki nzima. Nani ana wazo?

Mama Mdogo Salamanca: Shikamoo dada. Pikeni patatas viudas, viazi vya mfungo vya huku Castilla, Hispania. Havina nyama wala samaki.

Mama: Marahaba. Viazi vitupu?

Mama Mdogo Salamanca: Vitupu wapi! Kaanga kitunguu maji, kitunguu saumu, hoho na nyanya kwa mafuta ya zeituni, moto mdogo, mpaka vilainike kabisa. Hapo msiwe na haraka, ladha yote inatoka hapo. Epua, ndipo utie kijiko cha pimentón, pilipili tamu ya unga. Ile ya eneo la La Vera hukaushwa kwa moshi wa mwaloni, inanukia ajabu. Ikiungua kidogo tu, mchuzi wote unakuwa mchungu.

Rozi: Shikamoo mama mdogo. Viazi tunakata vipande vya kawaida?

Mama Mdogo Salamanca: Marahaba mwanangu. Usikate mpaka mwisho! Ingiza kisu kidogo, kisha kizungushe kiazi kivunjike. Palipovunjika ndipo wanga hutoka, mchuzi unakuwa mzito bila unga wala nazi. Maji yafunike viazi tu, dakika kama 30. Usikoroge na mwiko, tikisa sufuria.

Shangazi: Wifi, hiyo ya moshi tukiikosa, nitie bizari?

Mama Mdogo Salamanca: Hapana wifi, utapata mchuzi wetu wa kila siku. Tia paprika ya kawaida.

Bibi: Sasa kikiwa kitamu hivyo, huo ni mfungo?

Mama Mdogo Salamanca: Shikamoo mama. Tumekatazwa nyama, hatukukatazwa kupika vizuri. Zamani huku watu walinunua hati ya Kanisa, bula, wakaruhusiwa nyama siku nyingi za mfungo. Fukara hakuiona nyama hata siku za kawaida. Mimi nawaheshimu sana wanawake waliotoa mchuzi wa namna hii kwa viazi na kitunguu.

Bibi: Marahaba. Umri wangu umepita 59, kufunga sheria hainibani tena. Lakini kuacha nyama hakuna kustaafu. Nipikieni.

Shangazi: Viazi naleta mimi, debe lipo nyumbani.

Rozi: Yai linaruhusiwa?

Mama Mdogo Salamanca: Ndiyo, la kuchemsha, lipasue juu wakati wa kupakua. Na mkate wa kuchovya, tafadhali!