Mchapishaji kakubali mswada wangu ila anataka nilipe milioni 3.8, hii ndo kawaida?

mwl_wa_kilosa

Habari za jioni wakuu, na kwa wakubwa shikamooni. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kilosa, nimeandika riwaya, imenichukua miaka minne, naandika usiku nikishamaliza kusahihisha madaftari. Nikapanga kurasa mwenyewe kwenye laptop ikatoka kurasa 240. Mwezi uliopita nikautuma mswada kwa mchapishaji mmoja wa Dar niliyemuona mtandaoni, siku ya tatu tu akajibu kwamba wameupenda sana na wako tayari kuutoa. Nilifurahi mpaka nikampigia mama.

Sasa mkataba umekuja juzi. Natakiwa nilipe 3,800,000 "kuchangia uzalishaji", zitachapwa kopi 500, mimi nitapewa 50, hizo 450 wanauza wao na nitalipwa mrabaha asilimia 10 ya bei ya jalada ambayo ni 15,000. Alafu kuna kifungu kinasema nawapa haki zote, lugha zote, mifumo yote, kwa muda wote wa hakimiliki. Akiba ninayo ya chama cha kuweka na kukopa, inafika. Ila roho inasita. Wenzangu mliopita njia hii, ndivyo inavyokwenda? Au mi ndo sijui biashara ya vitabu? Naomba mnieleze kabla sijasaini, amenipa mpaka Ijumaa.

mzee_wa_prufu

Marahaba mwalimu. Nimekaa kwenye meza ya uhariri zaidi ya miaka ishirini, sasa nimestaafu, kwa hiyo nitakwambia bila kificho. Usisaini. Chukua kalamu tupige hesabu pamoja.

Tuseme anauza kopi zote 450, jambo ambalo kwa riwaya ya mwandishi mpya ni nadra mno. Mrabaha wako ni 1,500 kwa kopi, mara 450 unapata 675,000. Zile 50 zako ukiuza mwenyewe kwa 15,000 unapata 750,000. Jumla 1,425,000. Wewe umetoa 3,800,000. Yani mambo yakienda vizuri kuliko yote, bado umepoteza 2,375,000, na yeye hajaweka hata senti yake mezani. Na hiyo pesa yako ukiigawa kwa kopi 500 ni 7,600 kila kopi, wakati kitabu cha kurasa 240, karatasi gramu 80, kava laini la rangi, wapiga chapa wengi wa mjini watakupa chini ya hapo kwa idadi hiyo. Kwa hiyo ameshapata faida yake kabla kitabu hakijatoka, na ndio maana alikubali siku ya tatu. Mswada wa kurasa 240 hausomwi na kupimwa kwa siku tatu, sisi tulikuwa tunatoa kwa wasomaji wawili wa nje, kila mmoja anaandika ripoti, miezi mitatu inapita ukiwa bado unasubiri.

Kwa kawaida mchapishaji ndiye anayebeba gharama: uhariri, kava, kupanga kurasa, kupiga chapa, kusambaza. Kwa sababu anabeba hasara ndio maana anachukua sehemu kubwa na wewe unabaki na hiyo asilimia 10 hivi. Kitabu cha 15,000 duka linakata labda asilimia 35, hiyo ni 5,250. Kuchapa tuseme 5,500. Mrabaha 1,500. Inabaki 2,750, na hapo hujamlipa mhariri, msanii wa kava, pango, gari, wala zile kopi zitakazobaki stoo zinaliwa na mchwa. Biashara ni nyembamba hivyo. Sasa mtu asiyebeba hasara akitaka achukue fungu lilelile la anayebeba, hapo hakuna uchapishaji, kuna kuuziwa huduma kwa bei ya juu, na haki zako unazitoa juu yake.

Na hicho kifungu cha haki kiogope kuliko hata hela. Kwa sheria yetu hakimiliki inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Maana yake wajukuu zako wanakuja kuomba ruhusa kwa mtu huyu. Mkataba mzuri unataja miaka, unataja lugha, unataja aina (kitabu cha karatasi tu, au na sauti, na filamu), na unasema kitabu kikikosekana sokoni kwa muda fulani haki zinarudi kwa mwandishi.

Labda utauliza mbona wachapishaji wa kweli hawapatikani. Wapo, ila wamebanwa. Watu hawaelewi kwamba riwaya za Kiswahili hapa Tanzania zililelewa na vitabu vya shule. Enzi za Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa 1966, serikali ndio ilikuwa nyuma. Kuanzia 1991 vitabu vya kiada vikaachiwa kampuni binafsi, na kampuni ikipata kitabu cha hisabati cha darasa la tano kikaenda shule nyingi, faida ile ndio inaruhusu mkurugenzi aseme haya tutoe na riwaya mbili za vijana na diwani moja. Nimekaa kwenye vikao hivyo, hesabu ilikuwa inafanywa waziwazi. Ilipofika 2013, 2014 serikali ikarudisha vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu, kila somo kitabu kimoja. Sisemi sera ile haikuwa na sababu, malalamiko ya makosa kwenye vitabu yalikuwepo na mengine yalikuwa ya haki kabisa. Lakini mguu uliokuwa umeshikilia riwaya ulikatwa siku ile na hakuna aliyeweka mguu mwingine. Nafasi hiyo ndio wakaingia hawa wa "changia uzalishaji".

dada_wa_simulizi

Mwalimu pole na hongera kwa kumaliza mswada maana wengi wanaishia sura ya tatu. Mzee kaongea vizuri sana ila mi nina njia nyingine kabisa, nisikilize na mimi.

Naandika simulizi tangu 2016, nilianza Facebook bure, watu wakawa wananifuata inbox wanaulizia mwendelezo, ndo nikahamia WhatsApp. Sehemu kumi 1,000, mtu anatuma kwa simu namuunga kwenye grupu, napandisha kila siku saa tatu usiku, nikichelewa dakika kumi simu inaanza kuita. Hakuna duka wala stoo na hela inaingia jioni hiyohiyo. Kuna wadada wananisomea wako Muscat wanafanya kazi za ndani, wanasikiliza kwa sauti wakiwa wanapiga pasi, wakaniomba nirekodi, sasa narekodi na sauti nauza pia. Hao mchapishaji gani wa Dar angewafikia?

Ubaya wake ni wizi. Nimepandisha sehemu ya 30 usiku, asubuhi naikuta Telegram jina langu limefutwa limewekwa la mtu mwingine, na watu wanamsifia. Nililia siku ile. PDF ndo usijaribu kabisa kumtumia mtu unayemwamini "asome tu", ikitoka haina breki. Ukisajili kazi yako COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, angalau una karatasi ya kuonyesha ni yako, mi nilikuja kufanya hivyo nimeshachelewa.

2021 wasomaji wakadai kitabu cha kushika mkononi. Sikutoa hela yangu mfukoni, nilitangaza oda, mtu analipa kabla, walipofika 140 nikaenda kuchapa 300. Na hapa mwalimu usikilize kwa makini. Mzigo umekuja, harufu ya gundi nyumba nzima, nikaanza kutuma mikoani. Wa Mbeya akanipigia, dada ukurasa wa 96 unafuatiwa na 113! Nikafungua boksi, kweli, 97 mpaka 112 haipo, alafu 113 mpaka 128 ipo mara mbili. Nilikaa chini sebuleni nikafungua kopi moja moja zilizobaki, nyingine nzima nyingine mbovu, mpaka alfajiri. Mpiga chapa (simtaji) akasema zile zilizokwisha kutumwa hazimhusu. Nilirudishia watu 22 hela yao. Hakuna anayekufundisha haya.

Kwa hiyo ushauri wangu, uza mwenyewe, anza kidogo kidogo, achana na wachapishaji wote.

mzee_wa_prufu

Binti, pole sana, na ilivyotokea ni hivi: karatasi kubwa moja inachapwa pande mbili kisha inakunjwa inatoa kurasa 16. Hilo kunjo la saba ndilo lenye 97 hadi 112. Fundi anayepanga makunjo kabla ya gundi aliruka rundo la saba akachota la nane mara mbili. Ndio maana kwenye oda lazima uandike kwamba kopi zenye kasoro zinarudishwa au zinachapwa upya kwa gharama yake, na usimalizie malipo kabla ya kufungua kopi kadhaa za kila boksi. Mwalimu, kurasa zako 240 ni makunjo 15 kamili, kwa hiyo hata ukurasa mmoja hautopotea bure, ila ukihaririwa idadi itabadilika.

Na hapo kwenye kuhaririwa ndipo ninapopingana na wewe kusema achana na wachapishaji wote. Niliwahi kuletewa mswada mzuri sana, lugha tamu, mhusika anamtumia mama yake pesa kwa M-Pesa kijijini mwaka 2003. M-Pesa hapa imeanza 2008. Mwandishi mwenyewe hakuona, mkewe hakuona, rafiki zake sita hawakuona. Kazi ya kuchapisha ni hiyo, kumpata mtu anayesoma kwa jicho la kutafuta kosa kabla msomaji hajalilipia. Ukijichapishia, nunua jicho hilo. Afadhali kava la kawaida kuliko kukosa mhariri.

muuzaji_nakuru

Nawasalimu kutoka Kenya. Mimi nina duka la vitabu hapa Nakuru, wacha niseme upande wa muuzaji kwa sababu mwandishi huwa anafikiri kitabu kikishafika dukani kimeuzwa.

Zamani Januari ndio ilikuwa mwaka wangu mzima, wazazi wanapanga foleni na orodha ya shule mpaka nje. Tangu 2018 serikali inanunua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na vinapelekwa shuleni, sisi wenye maduka tukarukwa. Jirani zangu wawili walifunga, mmoja sasa anauza sare za shule. Juu ya hiyo kuna VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu tangu 2013, mteja anaona bei anarudisha kitabu rafuni. Kile kinaniokoa ni vitabu vya fasihi teule vya sekondari, na hivyo pia vinachapwa feki vinauzwa kando ya barabara, karatasi nyepesi mpaka unaona maandishi ya upande wa pili.

Riwaya ya mwandishi mpya mimi huchukua, lakini kwa mali kauli, nikiuza nakulipa. Kopi tano, sio hamsini. Na nakuomba ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, na bei iandikwe nyuma, na mgongo wa kitabu uwe na jina, kwa sababu rafuni hakuna mtu anaona kava, ni mgongo tu. Waandishi wengi huleta kitabu mgongo mweupe kabisa, nikikiweka kinapotea hapo. Alafu rudi uulize! Kuna mwandishi aliniachia kopi kumi, nikauza nane, sijawahi kumwona tena na nambari yake haipatikani, pesa yake bado iko kwa bahasha.

Mwalimu, huyo mchapishaji wako muulize kitu moja tu, vitabu vyako viko kwa maduka gani. Mwenye anasambaza kweli atakutajia papo hapo.

mwl_wa_kilosa

Jamani Mungu awabariki. Leo mchana wakati wa mapumziko nimempigia. Nimemuuliza maduka, akasema "tuko nchi nzima na mtandaoni". Nikamwomba anitajie matatu tu hata ya Dar, akaanza kukasirika. Nikamuuliza kama kifungu cha haki kinaweza kuwa miaka mitano akasema mkataba ni huohuo kwa waandishi wote. Nikamuuliza mhariri ni nani, akasema "tuna timu". Sijasaini na sitasaini.

Swali langu la mwisho, sasa nianzie wapi? Nikianza kupandisha WhatsApp kama dada, je nikitaka tuzo baadae itakuwa shida?

dada_wa_simulizi

Hapo kwenye tuzo kweli sikufikiria, mzee atusaidie. Ila ukija upande wetu nitakupa grupu langu utangaze bure, nina watu mia sita na kitu, wanalipa.

mzee_wa_prufu

Umeuliza swali la maana, mwalimu. Anza na tuzo, kwa sababu nyingine zinataka mswada uwe haujatoka. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu, washindi wa mwanzo kabisa walitangazwa Aprili 2023, mwaka ule mshindi wa kwanza alipewa milioni 10, na serikali inachapa kitabu kinakwenda shuleni. Kuna na ile iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, baadae ikaitwa Safal-Cornell, hiyo iko tangu 2014 na ni ya Kiswahili tu. Ukishapandisha mtandaoni unaweza kujifungia mlango mwenyewe, kwa hiyo subiri kwanza. Soma masharti ya mwaka husika mstari kwa mstari, na uhesabu maneno.

Ukikosa huko, tafuta mpiga chapa mwenye mashine ya dijitali, haitaki pleti (mabamba ya kuchapia), unaweza kuchapa hata 50. Kopi moja itakuwa ghali kuliko ya ofseti, ile mashine ya pleti, lakini hulali na maboksi uvunguni. Oda kabla ya kuchapa kama alivyofanya binti. ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, iombe kwa jina lako wewe, usikubali mpiga chapa akupe ya kwake maana namba ile inamtaja mchapishaji.

Ila kabla ya vyote hivyo, nitumie sura mbili za kwanza kwa inbox. Sitaki hela, nina nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Acha nafasi mbili kati ya mistari na pambizo pana kushoto, nitazichapa mwenyewe hapa, mimi bado nasahihisha kwa peni nyekundu nikishamaliza nitapiga picha nikutumie.

mwl_wa_kilosa

Nimetuma mzee. Sura ya pili ndo inanisumbua, niambie ukweli wote.